Buti za Kusini na Nyayo za Wapagazi

Ndugu msikilizaji, mtu wa Dar es Salaam akisikia jina la Newala hufikiri jua kali, mchanga na korosho. Mwambie kwamba Newala kuna baridi, atakucheka. Lakini mwenyeji wa uwanda wa Makonde anajua anachokisema. Juni ikishaingia, pepo za kusi hupanda kutoka baharini na kuugonga uwanda ule ulioinuka zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari. Hapo ukungu hulala juu ya mikorosho mpaka jua limepanda, na ukisimama pale Shimo la Mungu asubuhi huoni bonde la Ruvuma wala dalili yake. Mzee wa Kitangari hatoki nje bila koti, na majani yana umande wa kulowesha suruali hadi magotini.

Ndio msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho. Ndio msimu wa kukesha shambani kuwafukuza nguruwe pori wasimalize mihogo. Na Julai ndipo uwindaji wa kitalii huanza nchini, pamoja na mapori ya upande wa Masasi na Nanyumbu kama Lukwika-Lumesule, kando ya Ruvuma. Basi msikilizaji mmoja wa Newala, ambaye yumo katika kikundi cha wasasi wa nguruwe chenye kibali, ameniandikia akiuliza swali moja tu: anunue buti za namna gani ili miguu isimgande usiku?

Swali ni fupi. Nilipoanza kulitafutia jibu nikajikuta nimerudi nyuma zaidi ya miaka 100, kwa kuwa suala la nani avae kiatu na nani atembee pekupeku limewahi kuamua uhai wa watu wengi sana katika wilaya hizi mbili. Naomba anivumilie. Jibu lake atalipata, lakini apitie kwanza walikopita babu zake.

Mwindaji wa zamani wa kusini, awe Mmakua, Myao au Mmakonde, hakuwa na buti na wala hakuzihitaji. Unyayo wake ulikuwa na sugu ngumu iliyojengwa tangu utotoni, na penye miiba mingi alifunga kipande cha ngozi chini ya mguu kwa ukanda. Mtu anayenyatia mnyama hataki kishindo. Mguu mtupu huhisi kijiti kikavu kabla hakijavunjika, buti hukivunja kwanza ndipo mwenye buti apate habari. Hata wageni walilijua hilo. Mwingereza Frederick Selous, ambaye pori letu la akiba lilipewa jina lake, aliwinda tembo ujanani mwake huko kusini mwa Afrika akiwa na viatu vyepesi vya ngozi, miguu wazi, wala hakuwa na habari na mabuti mazito ya Ulaya.

Na baridi je? Mwaka 1906, Mjerumani Karl Weule, mtaalamu kutoka makumbusho ya Leipzig, alifika Masasi na Newala wakati majivu ya Vita vya Maji Maji yalikuwa bado hayajapoa. Alikuja kuandika habari za unyago, ngoma na sanaa za watu wa uwandani. Lakini humo humo katika maandishi yake mna malalamiko ya mtu aliyekuja Afrika akitarajia joto, akakuta upepo wa Newala unamlazimisha kuvaa koti jioni. Wenyeji wake walikuwa na dawa ya zamani: moto katikati ya nyumba, na watu kulala wakiwa wameuzunguka, miguu ikielekea kwenye makaa. Mguu mtupu uliokauka, ukiwa karibu na moto, haukuwa na shida kubwa.

Shida ililetwa na mdudu. Funza, anayeitwa pia tekenya, si mwenyeji wa Afrika Mashariki. Alitoka Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 meli moja iliyotoka Brazili ilitia nanga Ambriz, pwani ya Angola, ikiwa na mchanga wenye funza. Kutoka hapo mdudu huyo alisafiri na misafara kupitia Kongo na maziwa makuu, na kabla karne haijaisha alikuwa ameshafika Bahari ya Hindi. Kwa muda usiozidi miaka 30 aliikata Afrika toka magharibi hadi mashariki, naye hana mbawa wala hana mguu wa kwenda safari. Alibebwa katika vidole vya wapagazi. Mchanga wa uwanda wa Makonde ulimfaa sana. Unyayo mtupu uliokuwa salama enzi za babu haukuwa salama tena enzi za mjukuu. Asiyetolewa funza mapema kwa sindano au mwiba alipata vidonda, vidonda vikaoza, na vidole vikakatika.

Hali hiyo ndiyo iliyokuwepo vita ya 1914 ilipotufikia.

Ukitazama picha za vita ile, ndugu msikilizaji, tazama miguu. Askari wa Kiafrika wa jeshi la Mjerumani walivaa buti na kuzungushia vitambaa miguuni mpaka karibu na goti. Askari wa upande wa pili, wa King's African Rifles ambao wazee wetu waliwaita Keya, wengi walipigana pekupeku au na makubazi, ingawa wao pia walifungwa vitambaa hivyo hivyo. Mwingereza alikuwa na viwanda vya viatu vya kulisha dunia nzima, lakini aliamini kwamba Mwafrika haitaji kiatu. Mjerumani, ambaye njia zake zote za baharini zilikuwa zimefungwa na manowari za Kiingereza, ndiye aliyehangaika kuwavika buti askari wake. Sisemi kwamba alikuwa na huruma zaidi. Mambo aliyowafanyia watu wa kusini wakati wa Maji Maji yanajulikana. Alijua tu kwamba jeshi dogo linaloishi kwa kutembea haliwezi kudumu likiwa na miguu mibovu.

Buti hizo alizipata wapi? Meli mbili zilifanikiwa kupenya: ya kwanza mwaka 1915 upande wa Tanga, na ya pili, iliyoitwa Marie, iliingia ghuba ya Sudi karibu na Lindi mwezi Machi 1916, na shehena yake ikabebwa vichwani mwa watu mpaka bara. Baada ya hapo hakuna meli iliyokuja tena. Ikabidi viatu vishonwe hapa hapa nchini, kwa ngozi za ng'ombe na za wanyama wa porini, zikalainishwa kwa magome ya mikoko. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, aliandika baadaye kwamba yeye mwenyewe alijifunza ufundi huo. Anakiri kwa mzaha kwamba buti aliyoikusudia kuwa ya kulia ilitoka kama ya kushoto. Anaeleza namna mtu anavyoweza kumpiga swala na baada ya siku chache akawa na kiatu, bila vifaa vya dukani: msumari badala ya msharasi, mti wa hema badala ya kalibu, na uzi uliokatwa katika ngozi ngumu ya paa. Ninaposoma habari hiyo huwa najiuliza kama fundi wa Kimakonde, ambaye anaweza kutoa uso wa mtu katika gogo la mpingo, aliwahi kuombwa ushauri.

Ama Newala yenyewe, ilipata mikono mingi. Mwezi Oktoba 1916 Wareno, wakiwa wameshavuka Ruvuma, waliiteka boma ya Newala, ile iliyojengwa ukingoni kabisa mwa uwanda. Walikuwa na askari waliotoka Ulaya wakiwa na buti zao nzuri, lakini hawakuwa na maji. Uwanda wa Makonde hauna mito juu. Maji yapo chini ya mteremko, na akina mama wa Newala walikuwa wakiyapandisha kwa vichwa, pekupeku, vizazi na vizazi mpaka mradi wa maji ulipokuja miaka ya 1950. Wajerumani wakawazingira Wareno pale bomani, na mwishoni mwa Novemba Wareno wakatoroka kurudi ng'ambo ya mto. Buti bila maji hazikuwafaa kitu.

Mwaka uliofuata, 1917, vita yote ya Afrika Mashariki ikasukumwa kuja kumalizikia kwetu. Kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba yalipiganwa mapigano ya Mahiwa, karibu na Nyangao, ambayo yalikuwa ya umwagaji damu mkubwa kuliko mengine ya vita ile katika nchi hii. Misheni ya Ndanda ikawa hospitali. Wajerumani wakarudi nyuma hadi Chiwata, kisha Nambindinga, ambako waliwaacha mamia ya wagonjwa na majeruhi, kisha Kitangari na Newala.

Na hapa ndipo panapoingia kisa ambacho wengi wa vijana wetu hawajakisikia. Wakati watu hao wanarudi nyuma juu ya uwanda wa Makonde, huko Ulaya serikali yao ilikuwa imerusha meli ya angani, zepelini, iliyoitwa L59, iwaletee msaada. Ilikuwa na urefu wa mita zaidi ya 220, ndefu kuliko viwanja viwili vya mpira. Iliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917 ikiwa na watu 22, tani zipatazo 15 za risasi, bunduki za rashasha na dawa. Mahali ilipotakiwa kutua ni hapa hapa, nyanda za juu za Makonde.

Meli hiyo haikukusudiwa kurudi. Ilipangwa kwamba ikishatua ivunjwevunjwe na kila kipande kitumike: turubai la nje lishonwe mahema, kitambaa cha ndani kiwe bandeji, na vyuma vyake viinue mlingoti wa simu ya upepo. Na njia ya kupitia watu ndani ya chombo kile ilitandikwa ngozi, ili ngozi hiyo ikatwe na kushonwa buti. Fikiria mwenyewe, ndugu msikilizaji: watu wa Berlin walikaa mezani wakapiga hesabu ya kila ratili inayoweza kuruka angani, na katika hesabu hiyo wakatenga nafasi ya ngozi ya viatu.

Zepelini ile ilivuka bahari ya Mediteranea, ikavuka jangwa la Misri, mchana ikichomwa na hewa ya moto na usiku wanaanga wake wakitetemeka kwa baridi. Ilipofika Sudan, magharibi ya Khartoum, alfajiri ya tarehe 23 Novemba, ikapokea habari kwa simu ya upepo kwamba uwanda wa Makonde haumo tena mikononi mwa Wajerumani. Ikageuza. Ilitua tena Bulgaria baada ya saa 95 hewani, ikiwa imekwenda kilometa zipatazo 6,700 bila kugusa ardhi. Buti za Newala zikarudi Ulaya zikiwa bado zulia la kukanyagia.

Siku mbili baadaye, tarehe 25 Novemba, von Lettow alivuka Ruvuma, akaivamia kambi ya Wareno pale Ngomano na kujichukulia bunduki, risasi, dawa na nguo. Alichonyimwa na anga akakipata kando ya mto.

Mpaka hapa nimesema habari za askari. Sasa tuseme habari za aliyembebea askari.

Kwa kila askari mmoja walihitajika wapagazi kadhaa. Upande wa Waingereza peke yake walichukuliwa wapagazi wapatao milioni 1 katika vita nzima, na wanahistoria wengi hutaja vifo vinavyokaribia 95,000. Walioandikwa ni hao. Upande wa Wajerumani hakuna aliyeshika daftari la maana. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 25 hivi pamoja na sufuria yake na blanketi lake, kama alipewa blanketi. Kiatu hakupewa. Aliyetoka Masasi alipelekwa kokote vita ilikokwenda. Mvua za mwanzo wa mwaka 1917 zilikuwa kubwa kupita kiasi. Watu walitembea ndani ya matope wiki nzima nyayo zisikauke, funza wakiwala vidole, na usiku wakalala juu ya ardhi iliyolowa. Waliuawa na kuhara damu, na malaria, na nimonia. Risasi ziliua wachache mno ukilinganisha.

Ugonjwa huo wa nimonia ndio unaonirudisha kwenye swali la baridi. Oktoba 1918 kikosi cha von Lettow, kikiwa kimesharudi kutoka Msumbiji, kilipita nyanda za juu za Ubena, Njombe, ambako usiku ni baridi kweli kweli hata kwa Mbena aliyezaliwa pale. Msafara ulikuwa na watu wa nchi za joto, nguo zao zimechakaa, wengi wapagazi wasio na kiatu. Mafua makali na ugonjwa wa mapafu vikaingia. Jenerali Wahle, mzee wao, aliachwa pale Ubena kwa ugonjwa. Yeye jina lake limeandikwa. Wapagazi walioachwa kando ya njia hawana majina.

Jina walilotuachia ni moja, Kariakoo. Linatokana na maneno ya Kiingereza Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, waliopiga kambi pale baada ya Mwingereza kuitwaa Dar es Salaam mwaka 1916. Leo ndipo duka kubwa kabisa la viatu nchini, na viatu vingi vinavyouzwa Masasi na Newala hupakiwa kwenye mabasi kutoka hapo.

Isidhaniwe kwamba mzungu alikuwa mjuzi wa miguu kuliko sisi. Miaka hiyo hiyo huko Ufaransa na Ubelgiji, jeshi la Uingereza lenye buti bora lilipatwa na balaa la miguu. Majira ya baridi ya 1914 kuingia 1915 askari zaidi ya 20,000 waliharibika miguu kwa kusimama ndani ya mahandaki yenye maji. Mguu huvimba, hufa ganzi, hubadilika rangi, na mwisho hukatwa. Si lazima maji yagande kuwa barafu; baridi ya kawaida na unyevu wa siku kadhaa hutosha. Tiba waliyoigundua haikuwa buti nene zaidi. Iliamriwa kwamba askari wavue viatu kila siku, wakaushe miguu, wafanye kazi hiyo wawili wawili kila mmoja akimkagua mwenzake, wapake mafuta ya nyangumi, na wabadili soksi. Ugonjwa ukapungua sana. Kwa maneno mengine, walirudia alichokuwa akikifanya mzee wa Newala kandokando ya makaa.

Vita ya pili ilipokuja, fikra zilikuwa zimebadilika. Vijana wa Tanganyika waliopelekwa Burma na kupita bonde la Kabaw mwaka 1944, katikati ya mvua za masika za huko, walikuwa na buti. Waliorudi hawakukubali tena kwamba mguu wa Mwafrika umeumbwa kukanyaga miiba.

Habari za viatu baada ya Uhuru nitazipitia haraka, maana wenye umri wangu na zaidi wanazikumbuka. Mwaka 1967, Azimio la Arusha likiwa bado bichi, serikali ilichukua hisa nyingi za kampuni ya Bata, na baadaye tukavaa Bora. Miaka ya 1970 vijana wakaingia wazimu wa raizoni, viatu virefu vya kuvunjia miguu, ambavyo mpaka leo sielewi mtu aliwezaje kuvuka nao barabara. Kisha kikaja kiwanda cha viatu cha Morogoro, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilichotarajiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka na nyingi ziuzwe Ulaya. Jengo lake la mabati lisiloingiza hewa halikufaa hata kwa jua la Morogoro, mitambo ilikosa vipuri, na kiwanda hakikuwahi kufikia hata sehemu 1 ya 10 ya uwezo wake. Hakuna jozi iliyouzwa ng'ambo, na kikafungwa mwaka 1990. Nchi yenye ng'ombe wengi namna hii ikaachwa ivae mitumba. Siku hizi kuna nafuu kidogo. Kiwanda cha ngozi cha Karanga, Moshi, chini ya Magereza na mfuko wa hifadhi ya jamii, kinashona buti ngumu, na naona fahari kulitamka hilo redioni.

Basi sasa, ndugu yangu wa Newala, nirudi kwako.

Mguu haupashwi moto na buti. Mguu hupashwa moto na damu, na kazi ya buti ni kutunza joto hilo lisitoroke. Kwa hiyo kosa la kwanza la mnunuzi ni kuchagua buti inayobana kwa kudhani ndiyo inayoshika joto. Buti inayobana huzuia damu, na soksi mbili nene ndani ya buti ndogo ni baridi kuliko soksi moja ndani ya buti yenye nafasi. Kajaribu buti jioni, mguu ukiwa umeshavimba kwa kazi za mchana, tena ukiwa umevaa soksi zile zile utakazowindia. Vidole vicheze mbele bila kugusa, kisigino kisipande ukitembea. Kisigino kikipanda utapata malengelenge kabla hujafika Mkunya.

La pili ni maji. Maji hunyonya joto la mwili zaidi ya mara 20 kuliko hewa, na umande wa Julai ni maji kama maji mengine. Buti za mpira, hizi za mvua, hazipitishi umande hata tone, na kwa kukaa kibandani ukilinda mihogo zinafaa. Kwa kutembea usiku kucha hazifai, maana jasho lako lenyewe litakulowesha kutoka ndani, na ifikapo saa 10 alfajiri utakuwa umesimama ndani ya kisima chako mwenyewe. Kwa msako wa kutembea chukua buti ya ngozi inayofunika kifundo cha mguu, ipake nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya ng'ombe, hasa kwenye mishono. Nta tunayo kusini, hakuna haja ya kuagiza makopo.

Soksi za pamba ziache nyumbani, zikilowa hazikauki. Tafuta za sufu, ambazo hutunza joto hata zikiwa na unyevu. Katika mitumba ya Masasi zimejaa tele na bei yake ni ndogo kwa sababu watu huziona ni za Wazungu tu. Beba jozi ya pili kavu kifuani, siyo mfukoni mwa suruali, na usiku wa manane ukae chini ubadilishe. Vaa pia kofia na koti. Mwili ukipoa kifuani, damu huondolewa miguuni kwanza ili kuokoa moyo na ini, hata ungevaa buti ya dhahabu.

Jambo la tatu si la baridi. Newala ndiko alikoishi miaka ya mwisho ya kazi yake Bwana Ionides, yule mtaalamu wa nyoka aliyekuwa mtumishi wa idara ya wanyamapori Liwale, akifariki mwaka 1968. Alikamata nyoka wa sumu kali vichakani mwenu na kuwapeleka makumbusho na maabara za dunia, na hakuchagua Newala kwa sababu ya mandhari. Kifutu hulala njiani wala hakimbii. Makubazi ya tairi ni mepesi na ya bei nafuu, na mchana penye njia nyeupe sina ugomvi nayo, ila usiku kwenye majani huacha wazi mahali pale pale kifutu anapoumia. Aidha minyoo ya safura huingia kwa kupenya ngozi ya unyayo kwenye udongo wenye unyevu, jambo lililogunduliwa na Dakta Looss huko Cairo mwishoni mwa karne ya 19, baada ya maji yenye viluwiluwi vyake kumdondokea mkononi.

Ukirudi asubuhi, usiziweke buti mekoni. Ngozi ikikaushwa kwa moto hupasuka. Zijaze karatasi za magazeti, uzianike kivulini penye upepo. Na ukinunua mtumba, bonyeza soli kwa kidole gumba na uikunje. Buti nyingi za uwindaji zinazotoka nchi za baridi zimekaa ghalani miaka mingi, gundi imekauka, na soli hubanduka siku ya kwanza porini. Usiziache kwa hilo kama ngozi ya juu ni nzima. Fundi wa sokoni Masasi atakung'olea soli ile na kukushonea kipande cha tairi kwa uzi wa nailoni. Zitakuwa nzito kidogo, na wasasi wenzako watakusikia ukija, lakini umande hautapita.